Babu Alikuwa Keya: Ulinganisho wa Njia za Kutafuta Utumishi na Nishani za Ushujaa za Askari wa Afrika Mashariki

Familia nyingi za Kenya, Tanzania na Uganda zina mzee anayetajwa kuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, aliyepigana Uhabeshi, Madagaska au Burma, na baadhi yake husimulia kwamba mzee huyo alivishwa nishani ya ushujaa. Zaidi ya watu robo milioni kutoka nchi hizi tatu walitumikia jeshi la Mwingereza katika Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo madai ya namna hii si ya ajabu hata kidogo. Shida huanza pale mjukuu anapotaka kuyathibitisha, kwa sababu njia zilizo mbele yake huonekana kufanana, ilhali kila moja hujibu swali lake peke yake na hunyamaza kabisa kuhusu maswali mengine. Mtu aliyeanza na njia isiyomfaa huweza kutumia fedha nyingi na mwishowe kuamini kwamba babu yake hakuwahi kuwa askari.

Kwa maoni yangu, uchaguzi wa njia hutegemea mambo mawili tu. La kwanza ni kama askari alirudi nyumbani hai au alifia jeshini. La pili ni kama kinachotafutwa ni utumishi wake kwa jumla au nishani aliyopewa kwa tendo mahususi la ushujaa. Ulinganisho ufuatao unahusu hasa askari Waafrika wa miaka ya 1939 hadi 1945, na nitagusa vita vya 1914 pale tu ambapo tofauti yake humbadilishia mtafutaji njia.

Nishani ya utumishi si nishani ya ushujaa

Kabla ya kulinganisha njia, inafaa kutazama vyema kile kilichomo sandukuni. Nyota za shaba zenye ncha sita, kama Nyota ya 1939–45, Nyota ya Afrika na Nyota ya Burma, walipewa wote waliotumikia mahali fulani katika muda fulani. Ni ushahidi mzuri wa safari ya askari: Nyota ya Burma inaonyesha kwamba alifika upande ule wa vita kati ya Desemba 1941 na Septemba 1945, na Nyota ya Afrika, kwa mtu wa Afrika Mashariki, mara nyingi humaanisha vita vya kumwondoa Mwitaliano Somalia na Uhabeshi mwaka 1940 na 1941. Hata hivyo, nyota hizi hazielezi lolote kuhusu tendo la mtu mmoja, na zile zilizotolewa na Uingereza hazikuchorwa jina la mwenyewe.

Nishani za ushujaa ni jambo jingine. Zilizowafikia askari Waafrika mara nyingi zaidi ni Nishani ya Kijeshi, ijulikanayo kwa herufi MM, na ile ya daraja la juu zaidi ijulikanayo kama DCM (Distinguished Conduct Medal). Ilikuwapo hata DCM ya pekee ya KAR, yenye jina la kikosi hicho juu ya nishani yenyewe. Hizi ni duara za fedha, na ukingo wake huchorwa namba, cheo, jina na kikosi cha aliyepewa. Geuza nishani uitazame kwa kioo cha kukuzia kabla ya kufanya jambo lingine lolote, kwa maana mstari huo mmoja mdogo huokoa miezi ya kazi. Tazama pia utepe wa Nishani ya Vita ya 1939–45: kama umeshikizwa jani dogo la shaba la mti wa mwaloni, mzee alitajwa kwa sifa katika taarifa rasmi ya jemadari wake, heshima ambayo familia nyingi hazijui kuwa zinayo, kwa kuwa jani hilo huonekana kama pambo tu.

Familia ikisema kwamba babu alipewa Msalaba wa Victoria, tahadhari inahitajika. Msalaba wa Victoria pekee uliotolewa kwa mtu wa KAR katika vita vile ulikwenda kwa Sajini Nigel Leakey, mlowezi wa Kenya aliyekuwa katika batalioni ya 1/6, kwa tendo lake la tarehe 19 Mei 1941 huko Colito, Uhabeshi, alikouawa. Hakuna askari Mwafrika wa KAR aliyeupata. Inaelekea, basi, kwamba kinachokumbukwa nyumbani ni nyota ya shaba au Nishani ya Kijeshi, na hiyo ya pili ni heshima kubwa inayostahili kutafutwa kwa jina lake halisi.

Nyumbani na kwa wazee

Njia hii haina ada, na ndiyo pekee ambayo hupungua kila mwaka. Askari aliyezaliwa mwaka 1922 leo ana zaidi ya miaka mia, na watoto wake nao ni wazee. Hifadhi za nyaraka zitakuwapo mwakani, lakini mama mkubwa aliyekuwa akienda ofisi ya mkuu wa wilaya kupokea fedha zilizokatwa kwenye mshahara wa mumewe huenda asiwepo. Kwa sababu hiyo peke yake naiweka mbele ya zote.

Kinachotafutwa nyumbani hasa ni namba ya jeshi. Inaweza kuwa kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, nyuma ya picha, au kwenye barua. Inakiliwe pamoja na herufi zote zinazoitangulia, bila kuzisahihisha. Namba ina nguvu kuliko jina, kwa maana makarani Waingereza waliandika majina kama walivyoyasikia: Hamisi akawa Khamis au Amisi, Odhiambo akawa Othiambo, na mtu mwenye majina matatu kijijini akaandikishwa kwa moja tu, likifuatiwa na la baba yake. Wapo pia waliotaja kabila lisilo lao ili wakubaliwe, kwa vile maofisa walikuwa na makabila waliyoyapendelea kwa kazi ya kupigana.

Baada ya namba, tafuta kikosi, na usikubali haraka neno «Keya» kama jibu. Nyumbani neno hilo huweza kumfunika dereva wa magari ya uchukuzi, mwuguzi wa jeshi, mpiga mizinga wa East African Artillery, na mtu wa vikosi vya kazi, ambao wote walikuwa askari wa vita lakini kumbukumbu zao hazimo katika majalada ya KAR. Ikiwa alikuwa KAR kweli, namba ya batalioni husaidia. Katika batalioni nyingi zilizoundwa wakati wa vita, tarakimu ya pili ilionyesha shina lake: 26, 36 na 46 zilitoka katika KAR ya 6 ya Tanganyika, 34 na 44 katika KAR ya 4 ya Uganda, na 22 katika KAR ya 2 ya Nyasaland (Malawi ya leo). Mzee aliyesema «thalathini na sita» ametoa habari kubwa kuliko aliyesema «Burma».

Udhaifu wa njia hii ni kwamba kumbukumbu huunganisha vita. Mtu aliyepelekwa Malaya katika miaka ya hamsini, au aliyetumikia wakati wa hali ya hatari Kenya, huweza kukumbukwa na wajukuu kama aliyempiga Mjapani. Hata wakuu wa nchi hawakuepuka jambo hili: ilidaiwa kwamba Idi Amin alipigana Burma, ilhali kumbukumbu zinaonyesha kuwa aliandikishwa mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha. Kwa hiyo muulize mzee maswali yaliyo wazi, kama vile alipanda meli bandari gani na alishuka wapi, wala usimtajie Burma kabla yeye hajaitaja.

Tume ya Makaburi na Gazeti la London: zote bure, lakini kwa watu tofauti

Njia hizi mbili hutafutwa kwa intaneti bila malipo, na wengi huzijaribu kwa pamoja wakidhani zitatoa jibu moja. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, hushughulika na waliokufa peke yao. London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza ambalo limekuwapo tangu mwaka 1665, halijali kama mtu alikufa au alipona. Linamtaja kwa sababu tu alipewa heshima.

Kwa askari aliyefia jeshini katika Vita vya Pili, Tume ndiyo njia bora kupita zote. Orodha yake inahesabu vifo kuanzia tarehe 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947, hivyo hata aliyekufa kwa maradhi mwaka 1946 akiwa bado jeshini anaweza kuwamo. Hutoa namba, cheo, kikosi, tarehe ya kifo na mahali pa kaburi au pa jina lake. Tarehe peke yake huweza kufumbua mengi. Tukio kubwa kuliko yote kwa upande huu wa dunia ni la tarehe 12 Februari 1944, wakati meli Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipopigwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao wakiwa askari wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Majina ya wapiga mizinga hao yapo kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong, mahali ambapo familia inaweza kwenda kwa matatu. Waliouawa Burma bila kaburi linalojulikana huandikwa kwenye Mnara wa Rangoon, ulioko Taukkyan nchini Myanmar.

Kwa vita vya 1914 hadi 1918 hukumu yangu ni kinyume kabisa. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi waliobeba chakula na risasi za majeshi kutoka Taveta hadi mto Ruvuma, ambao makambi yao yameacha jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam, ndio walioachwa nje zaidi. Ni dhuluma ambayo haijafutwa. Kwa mtafutaji, maana yake ni kwamba kutomwona mpagazi katika orodha hakuthibitishi lolote kuhusu maisha wala kifo chake, na asitumie siku nyingi hapo.

London Gazette huchaguliwa pale ambapo dai ni la nishani ya ushujaa. Hutoa uthibitisho usiopingika kwamba mtu alipewa, pamoja na tarehe ya kutangazwa, ambayo kwa kawaida ni miezi kadhaa baada ya tendo na wakati mwingine zaidi: Msalaba wa Leakey ulitangazwa Novemba 1945, miaka minne na nusu baada ya kifo chake. Lakini kwa MM na DCM za vita vile, gazeti huandika namba, cheo, jina na kikosi tu, bila neno lolote kuhusu alichofanya. Pia mashine iliyosoma kurasa za zamani hukosea herufi, na majina ya Kiafrika huumia zaidi. Tafuta kwa namba ya jeshi, na ikishindikana, fungua nyongeza za gazeti za kipindi hicho usome kwa macho orodha ya vikosi vya Afrika Mashariki.

Kew: mahali ambapo tendo lenyewe limeandikwa

Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza iko Kew, kusini-magharibi mwa London, na kwa nishani za ushujaa haina mshindani. Mkusanyiko unaotakiwa ni ule wenye alama WO 373, ambao una mapendekezo ya nishani za jeshi la nchi kavu katika Vita vya Pili. Unaweza kuutafuta kwa intaneti kwa jina, cheo, namba au kikosi, na nakala hupakuliwa kwa ada ndogo, au bila ada kwa aliye ndani ya jengo.

Thamani ya karatasi hiyo inatokana na namna ilivyotengenezwa. Kamanda wa batalioni alieleza tendo kwa sentensi chache, akataja tarehe na mahali, kisha fomu ikapanda hadi brigedi, divisheni na juu zaidi, kila mkubwa akitia sahihi yake. Njiani heshima iliweza kushushwa, na kwenye karatasi nyingine utaona DCM imeombwa na MM ndiyo iliyotolewa. Mjukuu anayesoma fomu hiyo hukuta kile ambacho Gazette halikuandika: kwamba babu yake alimbeba mwenzake aliyejeruhiwa, au kwamba aliendelea na bunduki ya rashasha wakati wenzake wote wameanguka. Sijui waraka mwingine wowote wa kikoloni ambamo askari wa kawaida wa Afrika Mashariki anasimama hivyo, kwa jina na kwa tendo lake.

Mipaka yake iko wazi pia. Mapendekezo yaliyohifadhiwa ni, kwa sehemu kubwa sana, yale yaliyokubaliwa, hivyo aliyependekezwa akakataliwa karibu haonekani. Tena fomu ilihitaji ofisa aliyeona tendo au kusikia habari zake. Askari aliyefanya jambo kubwa msituni usiku bila ofisa karibu hakuandikiwa na mtu. Kutomwona mtu katika WO 373 kunaelekeza tu kwamba huenda hakupewa nishani, na hakuonyeshi zaidi ya hapo.

Kwa asiyekuwa na nishani, Kew ina shajara za vita za vikosi, zilizoandikwa siku kwa siku: WO 169 kwa vita vya Uhabeshi, WO 174 kwa Madagaska, na WO 172 kwa Burma. Hizi hutaja maofisa kwa majina na askari kwa nadra sana, lakini ukiwa na batalioni unaweza kufuata mwendo wote. Mjukuu wa askari wa 36 KAR, kwa mfano, ataiona safari ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikishuka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 hadi kutwaliwa kwa Kalewa mwezi Desemba, na ataelewa kwa nini mzee wake alikumbuka matope na homa kuliko alivyowakumbuka Wajapani. Shajara nyingi hazijawekwa kwenye intaneti, kwa hiyo inabidi kwenda mwenyewe au kumlipa mtu apige picha.

Jambo moja linahitaji kuelezwa bila kuzunguka, kwa kuwa linavunja moyo wengi. Majalada binafsi ya askari Waingereza yalianza kuhamishiwa Kew kutoka Wizara ya Ulinzi mwaka 2022, na mtu akisikia hivyo hudhani la babu yake limo. Kumbukumbu za askari Waafrika zilitunzwa Afrika Mashariki yenyewe, na Nairobi ndiyo iliyokuwa makao ya ofisi ya mishahara na kumbukumbu. Kulipa ada ya ombi la jalada binafsi London kwa ajili ya askari Mwafrika ni matumizi ambayo simshauri mtu kuyafanya.

Nairobi au Dar es Salaam

Hifadhi ya Nyaraka ya Kenya, katika jengo la zamani la benki mtaa wa Moi Avenue, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, haziwezi kuchukua nafasi ya Kew kwa jambo la ushujaa. Kwa maisha ya askari kabla na baada ya vita, zote mbili zinaishinda. Taarifa za mwaka za wilaya, barua za wakuu wa wilaya na majalada ya kuwarudisha askari uraiani huonyesha ni nani walioandikishwa na kwa njia gani, fedha za familia zilivyolipwa, na malalamiko ya waliorudi wakakuta ahadi hazikutimizwa.

Kati ya hizo mbili, asichague mtu kwa ukaribu wa safari. Achague kwa wilaya aliyotoka askari, kwa kuwa majalada hupangwa kwa utawala wa wakati ule. Mtu wa Songea atafutwe Dar es Salaam hata kama familia sasa inaishi Mombasa. Nairobi ina faida ya ziada kwa mambo ya jeshi kwa jumla, kwa sababu ndiko kulikokuwa na makao makuu ya Kamandi ya Afrika Mashariki. Pande zote mbili kuna taratibu za kibali na ada ambazo ni vizuri kuziulizia kabla ya kusafiri, na mgeni hutakiwa mengi zaidi kuliko raia.

Yapo pia magazeti ya Kiswahili ya wakati ule, ambayo watafutaji wengi huyasahau: Mambo Leo la Tanganyika, Baraza la Kenya, na mawili, «Askari» na «Heshima», yaliyotolewa kwa ajili ya wanajeshi. Yalikuwa vyombo vya serikali au vilivyokuwa chini ya macho yake, basi yasisomwe kama ukweli wote. Lakini yalichapisha barua na salamu za askari kwa lugha yao wenyewe, na familia ikiona jina la mzee humo inapata kitu ambacho hakuna fomu ya Kiingereza inayoweza kukitoa.

Tovuti za kulipia na watafiti wa kukodi

Tovuti za kulipia kwa mwezi huuza kwa sehemu kubwa kile kile kilichomo katika Gazette, Tume ya Makaburi na WO 373, na zimejengwa kwa ajili ya familia za Kiingereza. Kwa askari wa Afrika Mashariki sioni sababu ya kuzianza. Mtafiti wa kukodi mjini London ni tofauti: ana thamani ikiwa unampa batalioni na miezi maalumu, kwa mfano shajara ya 44 KAR ya Agosti hadi Desemba 1944, na unamtaka akupigie picha kurasa zote badala ya kukuandikia muhtasari. Ukimpa jina tupu, utalipia saa zake bila kupata kitu.

Hutokea mara nyingi, hatimaye, kwamba njia mbili zinatoa watu wawili wanaokaribiana: Juma mmoja mwenye MM katika Gazette, na Juma wa nyumbani ambaye familia inaamini ndiye. Hapo namba ya jeshi ndiyo inayoamua, na isipokuwapo, kikosi pamoja na wilaya aliyotoka. Jina na cheo peke yake havitoshi, kwa sababu Juma walikuwa wengi na wengi wao walikuwa makoplo. Ikiwa hakuna kimojawapo kinacholingana, andika habari zote mbili kando kwa kando katika kumbukumbu ya familia, ukionyesha ipi imethibitishwa na ipi ni masimulizi, ili mtoto atakayeikuta namba hiyo baadaye nyuma ya picha fulani aweze kuendelea kutoka hapo.